Ndege Yenye Tumbo la Samaki

Siku ile tulikuwa watu watano katika kiwanja cha Papa Amuri, hapa mtaa wa Kabondo. Papa Amuri mwenyewe, fundi wa bati, mzaliwa wa Kasongo, alikuwa ameketi kwenye kigoda chake akikunja ukingo wa beseni. Tante Véro, dada ya baba yangu, aliyefika siku mbili kabla kwa boti kutoka Yanonge, alikuwa ndani ya nyumba yetu akikagua nguo zetu moja moja. Dieumerci, mdogo wetu wa mwisho, alikuwa na miaka minne. Neema alikuwa na tisa. Na mimi, dada yao mkubwa, nilikuwa na kumi na mitatu. Wa sita ni mtu ambaye sikuona uso wake. Alikuwa ndani ya ndege, chini ya kioo, na hakujua kwamba alikuwa pamoja nasi. Namtaja kwa sababu kwa muda wa pumzi mbili alikuwa karibu yetu kuliko majirani.

Nawataja wote kwa sababu kila mmoja aliondoka na kipande chake cha siku ile, na vipande hivyo havilingani. Papa Amuri alifariki katika mvua zilizopita. Tangu tumzike, kila ninapotoa chuma cha kulehemu kwenye makaa na kukigusisha kwenye utomvu, ule moshi mtamu unaochoma koo unanirudisha palepale: niko chini ya ngazi, mikono imelowa, shingo inauma kwa kutazama juu.

Mama alikuwa ametutoka miezi michache kabla. Baba alikuwa ametangulia, Dieumerci akiwa bado tumboni. Baba alikuwa mtoto wa wavuvi, akaacha nyavu za ndugu zake na kuja mjini kujifunza bati kwa Papa Amuri, na Papa Amuri akampa vyumba viwili nyuma ya kiwanja aoe. Baada ya kumzika mama, mzee alikuja mlangoni, akavua kofia, akasema, "Nyumba ni ile ile," akarudi kwenye nyundo yake. Hakusema zaidi, wala hatukuhitaji zaidi.

Mama naye aliniachia neno moja. Alinishika kifundo cha mkono, vidole vyake vikiwa vya moto kwa homa, akasema, "Musitawanyike." Nikaitika.

Tante Véro hakuwa mtu mbaya. Yatima ni wa upande wa baba, ndivyo ilivyo kwao, na yeye ndiye aliyetumwa kuja kutazama. Alipofika alikaa na mfuko wake magotini kama mtu anayesubiri kuitwa, akanieleza mambo yalivyo.

"Miye nitakaa siku tatu. Nikiona unaweza kuchunga hawa batoto, bon, mubaki. Nikiona hauwezi, Neema na huyu mudogo banapanda boti na miye. Weye utaenda kwa tonton yako, ndugu ya baba yenu, Isangi. Na kusikuwe kulia."

Siku ninayosimulia ilikuwa ya tatu.

Na ndege za vita zilikuwa zimeanza kupita. Nyinyi wa rika langu mliokulia mji huu mnakumbuka. Hapakuwa na kitu angani, kisha kitu kilikuwa kimeshapita. Ukiinua macho kufuata ngurumo, unakuta mawingu matupu, kwa sababu ndege yenyewe iko mbele, imeshavuka upande wa mto Tshopo, imeiacha sauti yake nyuma kama mtu aliyetupa koti akikimbia. Ilitubidi tujifunze kutazama mbele ya sauti. Neema alijifunza wa kwanza. Ndege ni za nani na zinaenda kufanya nini, wakubwa walisema hivi barabarani na vile kanisani, na wote walipoona watoto wanasikiliza, walinyamaza. Kunyamaza kwao ndiko kulikoniogopesha zaidi.

Lakini ilikuwa nzuri. Nisipolisema hilo nitakuwa nadanganya. Pua yake ilikuwa ndefu, imechongoka na kuinama kidogo, kama inanusa njia. Mabawa hayakuwa yamechomekwa ubavuni kama yale ya ndege kubwa za mizigo zilizokuja na vitambaa na sabuni. Yalianzia shingoni, yakapanuka polepole, kama mabega ya mtu anayevuta kamba. Chini ya kila bawa kulikuwa na mdomo wa pembe nne, mweusi ndani. Ikilala ubavu kugeuka, tuliona mgongo wake una mabaka ya kijani na udongo, na kwenye paji la uso kioo kimoja, kama tone la maji linalokataa kudondoka. Tumbo lilikuwa la rangi ya anga lenyewe.

Neema aliichora kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, kisha akaanza kuikata kwa bati. Papa Amuri alimpa mabaki na mkasi mdogo, na kila jioni walikaa wawili kichwa kwa kichwa, mzee na mtoto, wakibishana kuhusu ndege kama mafundi wa rika moja.

"Angalia vizuri," Papa Amuri alimwambia. "Bawa haikubandikwa. Imeota. Mutu alitengeneza hii hakukuwa na haraka."

"Na mushono iko wapi?"

"Ndiyo ile natafuta. Miaka makumi ine nakunja bati, sijaona kazi bila mushono."

"Na mikia ni mbili," Neema akasema.

"Mukia ni moja."

"Ni mbili, Papa Amuri. Niliona."

"Uliona na macho ao na roho?"

"Na macho!"

"Alors, tuandikiane. Ikiwa mbili, miye nitakuita fundi, na weye utaniita petit, mudogo yako."

Neema alicheka hadi akadondosha mkasi. Mimi nilikuwa nachambua pondu, majani ya muhogo, pembeni, sikucheka. Nilikuwa nimetazama lile tumbo la rangi ya anga na nimeshaelewa jambo ambalo wao, na mishono yao, hawakuliona.

Baba aliwahi kunieleza kwa nini samaki ana mgongo mweusi na tumbo jeupe. Aliye chini yake akitazama juu, anaona mwanga tu, hamwoni. Aliye juu yake akitazama chini, anaona giza la maji, hamwoni. Samaki amepakwa hivyo kwa sababu kuna anayemla na kuna anayewindwa naye. Basi ndege hii mtu alikuwa ameipaka kama samaki. Kwa hiyo kulikuwa na anayewindwa, aliye chini, ambaye hakutakiwa kuiona ikija. Nilitazama kiwanja chetu, beseni, Dieumerci akicheza na msumari, nikajua aliye chini ni nani.

Kulikuwa na la pili. Kule Yanonge ndugu za baba walivua mbenga, samaki yule mwenye meno ya nje ya mdomo, kwa kipande cha bati. Baba mwenyewe alikisugua kwa majivu hadi kikawaka, akatuonyesha kinavyozunguka kwenye maji kikirusha mwanga. "Mbenga haulizi," alisema. "Ikiona kinang'aa, inauma." Na juu ya nyumba yetu, katikati ya mabati ya zamani mekundu kwa kutu, Papa Amuri alikuwa ameweka bati moja jipya, juu kabisa ya kitanda chetu, kwa sababu mvua ilitulowesha. Alilishika kwa misumari minne tu, akisubiri mbao. Jua la saa sita likilipiga, ungeliona kutoka mwisho wa avenue. Liling'aa kama jino jipya katika mdomo wa mzee.

Hakuna aliyenifundisha kuunganisha mambo hayo mawili. Niliyaunganisha mwenyewe, usiku baada ya usiku, nikilala chini ya bati lile na kichwa cha Dieumerci kwenye mkono wangu. Sikumwambia mtu. Tante Véro alikuwa anapima kama nina akili, nami sikutaka anisikie nikisema ndege itatuuma.

Siku ya tatu, mchana, moja ilipita mbali, juu sana. Tante Véro alisema kutoka ndani, bila kuinua sauti, "Ile itarudia." Alisema tu, kama mtu anavyosema kuhusu mvua. Mimi niliacha mwiko kwenye chungu.

Nilichukua magunia mawili, nikayalowesha, nikakusanya mabua ya pondu. Nikaegesha ngazi nyuma ya nyumba. Mimi sikuweza kupanda. Papa Amuri alikuwa ametukataza, mabati ya zamani yasingebeba mtu mwenye uzito. Neema alikuwa mwepesi kama kuku wa kienyeji. Nikamwita.

"Funika ile bati mupya yote, ushuke. Usisimame. Umesikia?"

"Juu ya nini?" akauliza sababu.

"Funika tu."

Alinitazama, kisha akatabasamu, na nilipaswa kulitilia shaka tabasamu lile. Alipanda na gunia begani. Sikuona kwamba ndege yake ya bati ilikuwa ndani ya gauni.

Nyundo ya Papa Amuri iligonga mbele ya kiwanja, tak, tak, tak. Nilimpitishia Neema gunia la pili. Alilitandaza, maji yakatiririka kwenye bati jipya na kunidondokea usoni. Nusu ya bati ilikuwa imefunikwa. Nikasema moyoni, bado kidogo. Kisha nyundo ikanyamaza.

Masikio yake mzee yalikuwa yamepata kitu kabla ya yangu. Mimi nilihisi kwenye ngazi, mtetemo mdogo kwenye mbao. Nikageuza kichwa upande wa mto na nikaiona, chini kuliko siku zote, ikija bila sauti, uso wote, pua na midomo miwili myeusi na mabega yale. Haikuwa inapita. Ilikuwa inakuja. Nikaishika ngazi kwa mikono miwili.

Neema alisimama. Alisimama wima, mguu mmoja juu ya bati lililolowa na mmoja juu ya la kutu, akatoa ndege yake kifuani, akaiinua kwa mikono miwili juu ya kichwa. Jua likaipiga, ikawaka. Alikuwa anailinganisha. Hivyo ndivyo alivyonieleza baadaye: alitaka kuiweka kando ya ile kubwa na kuona wapi alikosea. Mimi nilichoona ni mdogo wangu amesimama juu ya nyumba akitikisa chambo.

Ikapita. Kivuli chake kilitufuta na kuturudisha. Niliona tumbo lile la samaki juu yangu, laini, bila mshono mmoja, nami hadi leo naona aibu kusema kwamba katikati ya hofu ile moyo wangu ulisema: ni nzuri. Kisha sauti ikaanguka juu yetu.

Mabati yote yalipiga kelele kwa pamoja. Bati la kutu chini ya mguu wa Neema likatoboka. Akaanguka kwa kiuno, akateleza kwenye lile jipya, na misumari minne ikang'oka kama meno ya mtoto. Akaja chini, nalo bati likaja nyuma yake, likiteleza kwa ukingo, jipya, kali, halijawahi hata kukunjwa.

Papa Amuri alikuwa tayari pale. Sikumwona akikimbia. Mzee ambaye aliinuka kwenye kigoda kwa awamu tatu alikuwa pale. Alimpokea Neema kwa mkono wa kushoto kifuani mwake, na wa kulia akaunyoosha juu, kiganja wazi, mahali ambapo ukingo wa bati ulikuwa unaelekea shingoni kwa mtoto. Fundi wa bati anajua vizuri kuliko mtu yeyote ukingo mbichi unafanya nini kwenye kiganja. Hakuukunja mkono.

Sauti ilipoisha, Neema, gauni lake lote damu isiyo yake, akasema kwa furaha, "Ni mbili! Mikia ni mbili, niliona!"

Papa Amuri alikuwa amekaa chini, uso umekuwa wa majivu. "Eeh, fundi," akasema. "Nimeshindwa. Letea petit yako kitambaa."

Tante Véro alitoka mlangoni na Dieumerci amemkumbatia tumboni. Walikuwa wamejitupa chini ya kitanda, chini ya tundu lile lile lililokuwa sasa limejaa anga. Alitazama tundu, ngazi, mtoto, damu. Macho yake yakanifikia mimi na magunia miguuni mwangu.

"Nani alipandisha huyu mutoto kule juu?"

Nilijua jibu langu lina maana gani. Boti ingeondoka kesho yake asubuhi. Nilifungua mdomo, na nataka kuamini hadi leo kwamba ningesema.

"Ni miye," Papa Amuri akasema.

"Weye?"

"Ile bati ilikuwa inang'aa. Niliogopa ndege iione. Nikamutuma afunike. Huyu mukubwa alikuwa anakataa."

Sijui alijuaje. Sikuwa nimemwambia mtu hofu yangu. Labda aliona magunia, mabua ya pondu, uso wangu, akasoma yote kwa mara moja kama alivyosoma ndege.

Tante Véro alimkemea mbele ya majirani waliokuwa wameanza kujazana kwenye lango. Alimwita mzee mzima mwenye akili ya kuku. Alimuuliza kama huko kwao Kasongo ndivyo wanavyochezea watoto wa watu. Papa Amuri aliinamisha kichwa, damu ikidondoka kwenye vumbi, akajibu, "Ni kweli, mama. Ni kweli." Mimi wakati huo nilikuwa nimechana kanga ya mama na kumfunga mkono, nimemtuma Neema alete chumvi, nimesimamisha mtu wa toleka amchukue mzee nyuma ya baiskeli yake hadi dispensari. Mikono yangu ilifanya hayo yote. Mdomo wangu haukufanya lolote.

Muuguzi alimshona kiganja kizima. Jioni mzee alirudi ananuka dawa, akamwonyesha Neema bandeji. "Donc, sasa miye niko na mushono. Ile ndege inanishinda." Neema akacheka. Mimi nilitoka nje nikaosha damu kwenye ngazi.

Tante Véro alipanda boti kesho yake, peke yake. Kabla ya kuondoka alinishika shavu. "Nilikuangalia jana. Wakubwa bote bamepoteza kichwa, weye hukupoteza. Wadogo yako bako salama na weye. Lakini ule muzee, umuchunge. Asiwatume batoto tena." Nikasema, "Ndiyo, tante."

Vidole vitatu vya Papa Amuri havikukunjika tena. Mkasi wa bati unataka mkono wote. Alikaa nao wiki mbili, akijaribu kwa kushoto, akiharibu kila alichogusa, na hakulalamika. Jumatatu moja nilivaa sare ya shule, nikafika langoni, nikarudi, nikachukua mkasi kutoka magotini pake.

"Enda masomo," akasema.

"Nionyeshe pa kuanzia."

"Mutoto, enda masomo."

"Papa Amuri, pa kuanzia ni wapi?"

Kwa kidole kimoja kilichobaki na nguvu, akachora mstari kwenye bati. Nikakata. Nimekata tangu siku hiyo. Nilikuwa mkono wake hadi alipofariki, na kwa bati hilo Neema amesoma, leo yuko shule ya ufundi anachora mashine kwa rula, na Dieumerci amenipita kimo. Hatukutawanyika.

Kuhusu uongo wake hatukuzungumza ila mara moja. Nilimwambia nitasafiri Yanonge nikamweleze tante. "Kuwa mukubwa kwanza," akasema. "Ukimwambia leo, atakuja kuwachukua." Nikawa mkubwa. Mwaka ukawa na kazi, na mwingine ukawa na kazi.

Kwenye matanga yake Tante Véro alikuja. Alilia vizuri, alipika vizuri, na jioni, wanawake walipokaa na kahawa, akasimulia kama anavyosimulia kila mahali. "Mungu amuhurumie. Alikuwa mutu muzuri. Lakini siku moja alitaka kutuulia mutoto. Alimupandisha juu ya nyumba, ndege inakuja!" Wakasonya kwa pamoja. Mwajuma, binti yake Papa Amuri, aliyekuja kutoka Kindu kumzika, alikuwa amekaa pale na kikombe mkononi. Baadaye alinifuata jikoni, akaniita yaya, dada mkubwa, kama Neema anavyoniita.

"Yaya, ni kweli baba alifanya vile?"

Neema alikuwa nyuma yangu anaosha vikombe. Nilivisikia vikombe vikinyamaza. Nikasema, "Ilikuwa zamani, Mwajuma." Akaitika, akaenda, akapanda gari la Kindu na jibu hilo.

Neema hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu aliniuliza, "Yaya, utabaambia siku gani?"

Ndege yake ya bati inaning'inia juu ya meza yangu ya kazi, bawa moja limepinda pale ilipoangukia. Ina mikia miwili; wa pili, ule waliobishania, aliulehemu jioni ile ile, Papa Amuri akimwelekeza kwa mkono wa kushoto. Wiki iliyopita zilipita tena, tatu pamoja, chini, na ile ndogo ikatetemeka kwenye uzi wake. Wateja walikimbilia ukutani. Mimi nilibaki pale na mkasi wazi, nikitafuta mshono kwa macho.

Vidole vyake nimevilipa kwa vyangu, kadiri nilivyoweza. Jina lake bado sijalisafisha. Boti za Yanonge zinaondoka kila wiki na gari la Kindu nalijua linaposimama. Nimewaambia ninyi kwanza, kwa sababu hamnijui. Tante Véro bado. Mwajuma bado.